Uzima wa Mwili ni Amana



Katika nchi zetu watu wanapokutana asubuhi huulizana kwanza habari za afya, kisha ndipo hufuata habari za watoto, za shamba na za biashara. Mmoja husema, "U mzima?" na mwenzake hujibu, "Mzima, alhamdulillahi," hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu. Ni adabu njema, wala sina nia ya kuilaumu. Lakini lau ungemshika mkono na kumwuliza, "Huo uzima unaoutaja ni kitu gani?" wengi wasingekuwa na jibu ila hili: kwamba siumwi. Nataka tulitazame swali hili kwa nuru ya mafundisho ya Islam, kwa kuwa asiyejua uzima ni nini hawezi kujua achague nini ili aulinde. Tena nimeona kwa macho yangu jinsi kosa katika jambo hili lilivyokaribia kumwua mtu mwema, naye akidhani kuwa anamridhisha Mola wake.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha kitu. Kikombe kisichovunjika twakiita kizima, na mtu aliyekwisha kukomaa akili twamwita mtu mzima. Basi uzima katika Kiswahili ni kutopungukiwa, ni kitu kuwa vile kilivyokusudiwa kiwe. Nalo neno afya tumelipata katika Kiarabu, ambako limetoka katika mzizi mmoja na neno lenye maana ya kusamehe na kufuta makosa. Kwa hiyo anayemwomba Mwenyezi Mungu ampe afya anaomba ulinzi Wake, amwondolee madhara ya mwili na ya roho pia. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoombwa na ami yake, Hadhrat Abbas r.a., amfundishe la kuomba kwa Mungu, alimwambia aombe afya. Na Abbas aliporudi tena baada ya siku kadhaa, alipewa jibu lile lile.

Wataalamu wa dunia nao wamejaribu kutoa maana. Mwaka 1946 wajumbe wa mataifa walikutana New York wakaandika katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili, 1948. Ndani yake walisema kwamba afya si kukosekana kwa maradhi tu, bali ni hali kamili ya ustawi wa mwili, wa akili na wa maisha ya pamoja na watu. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli nasi twaikubali. Lakini nina shaka na neno lile "kamili". Ikiwa afya ni ukamilifu huo, ni nani basi mwenye afya? Mzee ambaye macho yake yamepungua nuru, mama mwenye pumu, kijana aliyezaliwa na mguu mfupi, hawa wote watatiwa katika daftari la wasio wazima mpaka siku ya kufa kwao. Tena roho haikutajwa hapo kabisa, kana kwamba mwanadamu ni mwili, mawazo na majirani tu.

Islam inaanza mahali pengine. Inatuambia kwamba mwili huu si mali yetu. Tumekabidhiwa, nasi tutaulizwa. Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo, yaani afya na wasaa. Alitumia neno la wafanya biashara, hasara. Na mtu hapati hasara ila katika kitu alichopewa akitumie. Basi uzima wa mtu haupimwi kwa kuhesabu maradhi aliyonayo na asiyokuwa nayo. Unapimwa kwa kuangalia kama kwa nguvu alizopewa, ziwe nyingi au chache, anaweza kutimiza haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Vyake, na kama anazitunza nguvu hizo ili aendelee kuzitimiza.

Mwili wenyewe ni mmojawapo wa wenye haki hizo. Katika Bukhari imo habari ya masahaba wawili, Hadhrat Salman na Hadhrat Abu Dardaa r.a., ambao Mtume s.a.w. aliwaunganisha kwa udugu. Salman alimtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe amevaa mavazi machakavu, amejiacha. Alipouliza sababu alijibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja tena na dunia. Chakula kilipoletwa mwenye nyumba alisema amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale wote wawili. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kusali, Salman alimwambia alale, naye akalala. Akataka tena kusimama, akaambiwa vile vile. Sehemu ya mwisho ya usiku ilipofika, Salman akamwamsha, wakasali pamoja, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume s.a.w. alisema kwamba Salman amesema kweli. Utaona, msomaji, kwamba yule aliyemlazimisha mwenzake kula na kulala ndiye aliyesadikishwa.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alilieleza jambo hili kwa kina katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896 mbele ya mkutano wa dini mbalimbali, nayo leo yajulikana kwa jina la Falsafa ya Mafundisho ya Kiislamu. Alionyesha humo kwamba hali za mwili na hali za roho zimefungamana. Mtu akijilazimisha kulia, hata kwa kuigiza tu, moyo nao hushikwa na huzuni. Akijilazimisha kucheka, moyo huchangamka. Chakula nacho huacha athari katika tabia. Ndiyo maana sheria ya Islam, kabla ya kumwonyesha mtu madaraja ya juu ya roho, humfundisha kwanza namna ya kula, kunywa, kunawa, kulala na kuvaa. Wapinzani wengine wa Islam hucheka kwamba dini gani hii inayojishughulisha na meno na kucha. Anayecheka hivyo hajawahi kujaribu kuswali kwa unyenyekevu huku tumbo limeshiba kupita kiasi.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Yeye mwenyewe aliyefundisha hivyo alikuwa mgonjwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hadithi inasema kwamba Masihi atashuka akiwa katika nguo mbili za rangi ya manjano, naye alieleza kwamba nguo hizo ni maradhi mawili aliyokuwa nayo: moja katika sehemu ya juu ya mwili, yaani kuumwa kichwa na kizunguzungu, na la pili katika sehemu ya chini, kwenda haja ndogo mara nyingi mno, pamoja na kisukari. Alifariki tarehe 26 Mei, 1908, na sindano ya insulini ilianza kumtibu binadamu mwaka 1922 huko Toronto, nchini Kanada. Yaani aliishi na ugonjwa huo wakati ambapo dunia haikuwa na dawa hiyo. Hata hivyo aliandika vitabu zaidi ya themanini, akajibu barua, akapokea wageni, akaongoza Jumuiya. Kwa kipimo cha New York hakuwa mwenye afya. Kwa kipimo cha kutimiza haki, ni wazima wangapi waliomfikia?

Sasa nisimulie lile nililoliona.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa bara, alijiunga na Jumuiya fundi cherehani mmoja aliyezaliwa na kulelewa katika Ukristo. Alikuwa mtu wa umri wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kusoma sana. Alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, naye alijichoma sindano ya dawa asubuhi na jioni; chupa zake alizihifadhi katika chungu chenye mchanga mbichi, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na jokofu. Alitoa bai'at katika mwezi wa Rajabu, na baada ya Shaabani ikaingia Ramadhani yake ya kwanza.

Barazani kwake walikuwa wakikaa watu wenye maneno. Mmoja alikwisha kumwambia kwa mzaha, "Fundi, umeingia kwa Makadiani? Hao si wanasema hawafungi?" Maneno hayo si kweli, lakini yalimkaa moyoni. Akaazimia kwamba yeye atafunga mwezi mzima, bila kukosa hata siku moja, ili dini yake isitukanwe kwa ajili yake. Alikula daku, akajichoma sindano yake kama kawaida, akafungua duka. Ramadhani ni msimu wa mafundi. Kanzu za Idi zilikuwa zimerundikana mpaka mlangoni.

Siku ya sita, baada ya Adhuhuri, mwanafunzi wake alimwona akitokwa na jasho jingi ilhali hewa ilikuwa ya mawingu. Mikono ilitetemeka. Alishona mkono wa kanzu nje ndani, akamkaripia kijana kwa kosa ambalo kijana hakulifanya, jambo lisilo tabia yake kamwe. Kisha akainamia cherehani. Kijana alidhani ni malaria. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akipika uji wa futari uani, ndiye aliyetambua, kwa sababu kaka yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikoroga sukari katika maji, akamwinua kichwa, akamwambia, "Kunywa, baba. Mungu hakukutuma ufe." Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu alikuwa bado anaweza kumeza. (Aliyekwisha kuzimia asitiwe kitu kinywani, atapaliwa, huyo akimbizwe hospitali.) Mama yule alikuwa Mwislamu wa madhehebu nyingine, naye mwenyewe siku ile alikuwa amefunga.

Nilipokwenda kumtazama jioni, alikuwa amelala mkekani na uso umegeukia ukutani.

"Sheikh," alisema, "nimefuturu mchana. Nimeitia aibu Jumuiya."

Nikamwambia, "Fundi, daktari alijua kwamba unafunga?"

"Sikumwambia. Niliona haya. Angenikataza."

Naomba nikiri jambo moja hapa. Mwaka ule nilikuwa nimefundisha hukumu za saumu katika Ijumaa mbili za Shaabani. Nilieleza nia, nilieleza daku, nilieleza mambo yanayotengua. Kuhusu mgonjwa nilisema sentensi moja tu, nikapita. Mtu alikuwa ameketi safu ya pili mwenye haja ya sentensi ile kuliko watu wote msikitini, nami nilipita.

Basi na tusipite sasa. Katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 186 (nasi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, hivyo katika misahafu mingine utaikuta ni ya 185), Mwenyezi Mungu anaagiza kwamba aliye mgonjwa au aliye safarini atimize hesabu katika siku nyingine, na papo hapo anatoa sababu: kwamba Yeye anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Angalia sana. Amri ya kufunga na agizo la mgonjwa kutokufunga yametoka katika kinywa kimoja, katika mahali pamoja. Haiwezekani kulishika la kwanza kwa heshima na kulidharau la pili, kisha mtu ajiite mtiifu.

Seyidna Ahmad a.s. alilisisitiza jambo hili kuliko wengi waliomtangulia. Alifundisha waziwazi kwamba mgonjwa na msafiri wanaofunga katika mwezi wa Ramadhani wanahalifu agizo la Mungu lililo wazi. Maana kuokoka hupatikana kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu, wala mtu hawezi kuupata wokovu kwa kutegemea ubavu wa matendo yake. Anayefunga hali anaumwa, ni kama anayesema, "Mola wangu amenisamehe, lakini mimi sihitaji msamaha." Ni unyenyekevu gani huo? Katika ujana wake yeye mwenyewe aliwahi kufunga kwa muda wa miezi minane au tisa mfululizo, akipunguza chakula kidogo kidogo, kwa sababu ya ishara maalumu aliyoipata. Lakini alipoisimulia habari hiyo hakumshauri kila mtu ajitwike mzigo kama huo kwa kujitakia.

Nalo fundisho hili si jipya. Mwaka wa 8 wa Hijra Mtume Mtukufu s.a.w. alitoka Madina kuelekea Makka katika Ramadhani. Watu walifunga, na safari ikawa ngumu kwao. Walipofika mahali paitwapo Kuraa al-Ghamim aliomba chombo cha maji, akakiinua juu mpaka watu wote wakakiona, kisha akanywa. Baadaye akaambiwa kwamba baadhi ya watu wangali wamefunga. Akasema kwamba hao ndio waasi, akarudia mara ya pili. Kwa nini alikiinua chombo? Angeweza kunywa ndani ya hema. Lakini alijua, na Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba wako watu ambao haya huwatesa kuliko kiu, nao hawatathubutu kunywa mpaka wamwone mbora wao anakunywa.

Iko na habari nyingine, nayo yanitisha kila niisomapo, hasa sisi tunaoitwa walimu. Jabir r.a. ameeleza katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba walikuwa safarini, mtu mmoja akapigwa na jiwe, kichwa kikapasuka. Usiku akaota ndoto ya kumlazimisha kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kwamba hawamwonei ruhusa, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume Mtukufu s.a.w. alighadhibika, akasema kwamba wao ndio waliomwua. Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, ilhali dawa ya ujinga ni kuuliza? Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wacha Mungu waliotaka kumwonyesha ndugu yao njia iliyo ngumu, wakidhani kwamba iliyo ngumu ndiyo iliyo sahihi. Kila unapomwambia mgonjwa, "Jikaze tu, Mungu atakusaidia," kumbuka habari ya mtu huyu.

Huenda mtafuta ukweli ataniuliza: Je, imani haiponyi? Je, mtu akifunga kwa ajili ya Mungu, Mungu hatamlinda? Nami nitamjibu kwamba Mwenyezi Mungu anaweza kila kitu, nasi tumeona dua zikikubaliwa kwa wagonjwa waliokatiwa tamaa. Lakini mwombaji ni mmoja na mjaribu ni mwingine. Kurani Tukufu inatukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe (2:196), naye Mtume s.a.w. alifundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Khalifa wa Kwanza wa Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., alikuwa tabibu mashuhuri aliyepata kumtibu mfalme wa Jammu na Kashmir; na mwaka 1970 Khalifa wa Tatu aliporudi kutoka ziara yake ya Afrika Magharibi alianzisha Mpango wa Nusrat Jahan, ambao kwao hospitali zilifunguliwa Ghana, Sierra Leone, Gambia na Nigeria. Jumuiya inayosimamisha hospitali haiwezi kumfundisha mtu kuitupa dawa yake.

Wala isisemwe kwamba tunafungua mlango wa uvivu. Wako watu ambao mwaka mzima hubeba magunia, na ikiingia Ramadhani huanza kulalamika kichwa. Kwa hao Kurani Tukufu imesema katika Sura ya Al-Qiyamah kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, hata kama ataleta nyudhuru. Daktari anaweza kudanganywa, na sheikh ni rahisi zaidi. Mtu mzima wa mwili anayekula mchana kwa kisingizio amejidhulumu kama vile mgonjwa anayefunga kwa majivuno. Wote wawili wamefuata matakwa ya nafsi. Mmoja nafsi yake yapenda chakula, na wa pili nafsi yake yapenda sifa.

Jambo hili haliishii Ramadhani. Ile miezi kumi na mmoja mingine mtu huchagua mara tatu kwa siku, kila anapoketi kula. Hapa Kurani Tukufu ina neno ambalo wengi hulisoma bila kulizingatia. Haikusema tu tule vilivyo halali. Katika aya ya 169 ya Al-Baqarah imetaka viwe halali na tena vizuri, vyenye kufaa. Halali ni sheria kwa watu wote. Kufaa hutofautiana mtu na mtu. Sukari ni halali, lakini kwa fundi wetu vijiko vinne katika chai havifai. Chumvi ni halali, lakini aliyeambiwa damu yake inapanda, naye akaendelea kuimwaga juu ya muhogo, ameshika nusu ya aya. Na ile aya ya Sura ya Al-A'raf inayoturuhusu kula na kunywa lakini inatukataza kupita kiasi haikusema kiasi ni vijiko vingapi. Imemwachia kila mtu ajipime. Mtume s.a.w. alitoa kipimo kwa anayehitaji: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi ibaki kwa pumzi. Nimehudhuria futari nyingi, na sikumbuki kuiona theluthi hiyo ya tatu ikiachwa wazi.

Kuhusu pombe sihitaji kurefusha; msomaji anajua hukumu yake. Kuhusu tumbaku nitasema tu kwamba Seyidna Ahmad a.s. hakuipenda, akaihesabu katika mambo ya upuuzi ambayo mwamini ajitenge nayo. Anayetoa fedha ya maziwa ya mwanawe akainunua sigara ajiulize mwenyewe ni haki ya nani aliyoichoma.

Ndugu uliyeingia karibuni katika Jumuiya, najua mwako mna moto. Unataka kufanya yote kwa mara moja: tahajudi kila usiku, saumu kila Jumatatu na Alhamisi, na ile Ramadhani bila pengo. Moto huo ni neema ya Mungu, usiuzime. Lakini msikilize Abdullah bin Amr bin al-As r.a., sahaba kijana aliyekuwa na moto kama wako. Alifunga kila siku na kusimama kila usiku mpaka Mtume Mtukufu s.a.w. akamwita, akamweleza kwamba mwili wake una haki, jicho lake lina haki, mkewe ana haki. Akamshauri afunge siku tatu katika kila mwezi. Abdullah akasema ana nguvu zaidi ya hizo. Akaongezewa. Akasema tena ana nguvu zaidi, mpaka ikafikia saumu ya Nabii Daudi a.s., kufunga siku moja na kuacha moja, wala hakuruhusiwa kuzidisha hapo. Miaka ikapita. Abdullah alipokuwa mzee na nguvu zimekwisha, alikuwa akisema kwamba laiti angeikubali ruhusa ya Mtume s.a.w.

Nawe mgonjwa unayesoma, ambaye huwezi kusimama katika Sala: Imran bin Husain r.a. alikuwa na maradhi, akauliza, akaambiwa asali kwa kusimama; asipoweza, kwa kuketi; asipoweza, kwa kulala ubavu. Sala ilimfuata kitandani. Usijione umeshushwa daraja. Nenda kwa daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani, si baada ya kuanguka, umweleze kila kitu bila kuficha. Wako ambao maradhi yao ni mepesi au ya kupita. Hao watalipa siku zao wapatapo nafuu. Na wako ambao maradhi yao ni ya kudumu, hao wamewekewa fidia, yaani kumlisha maskini kwa kila siku. Toa fidia hiyo huku ukimwomba Mungu akujalie nguvu, maana hazina ni Zake, naye akitaka hata aliyedhoofika humpa uwezo.

Fundi wetu alinisikiliza yote haya kwa muda wa jioni nyingi, akiwa na maswali yake yaliyoandikwa katika kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza. Lililomgusa zaidi, aliniambia, ni lile la chombo cha maji kuinuliwa juu. Ramadhani iliyofuata hakufunga. Saa nne asubuhi huingia nyuma ya duka, hula chapati yake na kunywa maji, kwa kuwa si adabu kuwatafunia waliofunga mbele ya macho yao. Lakini haingii kwa kunyatia. Siku moja yule bwana mwenye mzaha alimwuliza barazani, watu wakisikia, "Fundi, hufungi?" Naye bila kuinua macho kutoka katika cherehani akajibu, "Ndugu yangu, Mola wangu amenikataza." Yule mama jirani, aliyekuwa akipita na ndoo yake, akasema, "Amekataza kweli, mimi ni shahidi."

Fidia yake huipika mama huyo huyo kwa malipo waliyopatana. Kwanza sahani ilikuwa ikienda kwa mlinzi mzee wa ghala la pamba. Mzee yule alipohamia kwa mwanawe, fundi alitafuta mwingine, na sasa inakwenda kwa mjane mwenye watoto watatu nyuma ya soko. Huipeleka mwenyewe kwa baiskeli, imefunikwa kwa kitambaa kilichobaki katika kanzu za Idi, dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi.